Kinu ya Kufunika Kikohozi

Hii habari alinielezea Virginie mwenyewe, mwaka jana mwezi wa kumi, siku ya posho, njo jumamosi, wakati tulikuwa tunachambua majani ya sombe, ile mboga ya mihogo, juu ya batizo ya mujukulu yangu. Tulikuwa bamama banane mu lupango, mu kiwanja ya nyumba, kila mumoja na kinu yake. Nikaona mutwangio ya Virginie imekulika upande moja, nyembamba sawa mufupa ya kuku. Nikamuuliza:

"We mama, hii mutwangio unatwangaka nayo nini, mawe?"

Akacheka. "Hii ilitumika kuliko weye. Ikala, nikuelezee."

Virginie anaikala ku Kenya, si ile inchi, ni mutaa ya muji yetu hapa Katanga, na bwana yake, baba Donat. Bazazi ya bote bawili balitoka kule juu, kaskazini ya Katanga, bakakuya kutafuta kazi ya reli. Donat naye alitumika ku reli mpaka pension. Ni muntu wa kunyamaza, muntu wa misa ya kwanza, shati mweupe kila siku ya yenga.

Na alikuwa na kikohozi. Si ya jana. Kila siku saa kumi na moja ya asubui: mara tatu, anapumuzika, mara mbili. Virginie hakununuaka saa ya kuamusha bantu. Akisikia tatu, anafungua macho. Akisikia mbili, miguu iko chini, anaenda kuwasha mbabula, jiko ya makaa. Miaka kumi na mbili ni vile. Nyuma ya ukuta kulikuwa mama Ngalula, mwenye kuuza bitenge, bazazi yake ni ba Kasai, mwanamuke wa masomo mingi na mudomo mingi. Alikuwa anaita juu ya ukuta:

"Mama Guelord! Jogoo yenu imeamuka na homa tena!"

"Jogoo yangu haikuombe mayi!" Virginie anajibu. Ile ilikuwa salamu yabo.

Kama unauliza kikohozi ilitoka wapi, bote balisema: ni reli. Vumbi ya mavagon, miaka makumi tatu. Donat naye alisema ni reli. Hakuna muntu alitafuta zaidi.

Mu lupango ile ile kulikuwa atelier, kiwanda kidogo, ya Guelord, mutoto wabo wa kwanza. Guelord anatengenezaka nyungu ya aluminium. Ananunua bipande: pistoni, majanti ya motokari, nyungu ya zamani yenye kutoboka, mingi inatokeaka Mokambo, kule ku mupaka. Anayeyusha mu shimo ya moto, kisha anamwanga mu mchanga yenye amekandamiza na kupiga chapa ya nyungu. Makala ya miti peke haitoshi, anatupia mafuta nyeusi yenye magaraji banamwanga. Ile njo inafanya moshi muzito, ya kushika ku koo. Lakini ku Kenya nani anaangalia moshi? Mabus inatoa moshi, mbabula inatoa moshi, takataka inachomwa ku kona. Moshi ya Guelord ilikuwa moshi ya chakula. Siku yenye haipande, Virginie anauliza: "Leo tutakula nini?"

Bon. Mwaka wa 2020, mwezi wa tatu, corona iliingia mu midomo yetu mbele ya kuingia mu kifua ya muntu. Bakafunga muji siku mbili, confinement. Siku mbili tu, lakini woga haikuhesabu siku. Masomo ikafungwa, makanisa, mabar, na mipaka pia. Bantu bakaanza kuangaliana sawa bezi.

Kisha, ku avenue ya pili, bakabeba muzee mumoja. Motokari mweupe, bantu bamevaa mweupe toka kichwa mpaka ku miguu. Muzee alikuwa anakohoa. Bibi yake aliuliza: "Munamupeleka wapi?" Balimujibia, na heshima, lakini nyuma ya masque ya kufunika mudomo mama hakusikia muzuri. Akakaa siku tatu bila kujua bwana yake analala wapi. Yule muzee alirudia muzima, kisha mayenga mbili, siku kumi na ine. Lakini siku ile, nani alijua kama atarudia?

Virginie alienda kumuona yule mama, akarudia nyumbani, akafunga mulango, akasimama mbele ya bwana yake.

"Baba Guelord, unanisikia? Hakuna muntu atakubeba. Kama ni kufa, utakufia hapa, niko nakuona."

"Miye sina corona."

"Weye unajua, miye najua. Kifua yako inajua? Itaenda kubaelezea?"

Donat akafungua mudomo ajibu, akakohoa. Mara tatu, akapumuzika, mara mbili. Inje, ku njia, bantu babili balikuwa banapita, sauti yabo ikasimama. Virginie alikuwa na kinu karibu, sombe iko ndani, nusu. Akakamata mutwangio, akatwanga kwa nguvu yote. Tu, tu, tu, tu! Bale bantu bakaendelea na njia yabo.

Njo vile ilianza.

Toka siku ile, Donat akisikia kifua inamukwaruza, anainua kidole sawa mutoto wa masomo. Virginie anakimbia ku kinu. Asubui, saa kumi na moja, anatwanga. Saa ine, anatwanga. Bantu bakisimama ku mulango wa lupango, anatwanga. Kama hakuna sombe, anatia magunzi ya mahindi. Kama hakuna magunzi, anatwanga kinu wazi, mbao juu ya mbao, na njo pale mutwangio ilianza kukulika.

Na sombe yenye imetwangwa haiwezi kutupwa. Balikula. Asubui sombe, mangaribi sombe.

"Mama," Guelord akasema, "hii ni siku ya kumi na mbili. Tutaota majani ku masikio."

"Kula. Baba yako iko hapa, hapana?"

"Iko."

"Basi sombe ni tamu."

Mutoto ya Guelord, Abigaïl, miaka kumi na moja, mwenye anaikala pale na baba yake tu, akafunika mudomo asicheke.

Siku moja ya mwezi wa ine, bantu babili ba afya bakapita ku avenue, kijana na binti, na masque, banauliza lupango kwa lupango: kuko mugonjwa? kuko mwenye kutoka safari? Bakaingia kwa Virginie. Alikuwa anafua, kinu iko kule nyuma. Donat iko ndani ya nyumba, juu ya kiti. Binti akauliza:

"Mama, hapa munaikala bangapi?"

"Ine."

"Kuko mwenye kukohoa?"

Mbele Virginie ajibu, aliona kupitia dirisha kidole ya Donat inainuka. Polepole. Mikono yake mu sabuni, kinu iko mbali. Akasema mu roho: Bikira Maria, imeisha.

Na pale, nyuma ya ukuta, tu! tu! tu! tu! Kinu. Mutwangio ya muntu mwenye hasira. Na juu ya ile makelele sauti ya Ngalula, anaimba wimbo ya kanisa kwa nguvu ya kufukuza ndege mu shamba. Donat akakohoa yote yenye ilikuwa ndani, hakuna muntu alisikia.

Kijana akaziba masikio. "Mama, huku kwenu kuko sikukuu gani?"

"Ni jirani," Virginie akasema. "Akipika, muji yote inajua."

Bakacheka, bakaandika, bakamupatia karatasi ya kunawa mikono, bakaenda. Virginie akakimbia ku ukuta, akapanda juu ya tofali.

"Ngalula!"

"Nini?" Ngalula alikuwa na jasho mpaka ku shingo. Mu kinu yake hamukuwa kitu.

"Ulijua?"

"Weye mwanamuke, unatwanga saa kumi na moja ya asubui na kinu wazi, unasema miye ni kiziwi? Nasikia ile kikohozi mwaka ya kumi na mbili sasa. Tatu, mbili. Ni ya hapa. Haikutoka ku ndege ya Ulaya. Kama ingekuwa ingine, ningeita bale bantu miye mwenyewe, na ungenichukia mpaka kaburi." Akajipanguza uso. "Na jogoo yako iambie, kesho itafute mutwangaji mwingine. Mabega yangu."

Lakini kesho yake alitwanga tena.

Sasa, wakati ile yote ilikuwa inapita, kitu ingine ilikuwa inafanyika na hakuna mwenye aliiangalia. Mupaka ilifungwa, bipande ya aluminium haikutoka Mokambo. Moto ya Guelord ikazimika. Si yake tu: magaraji ya ku avenue ikanyamaza, mabus ikapunguka, malori ikapunguka. Guelord alikuwa anazunguka na nyundo, anaziba nyungu yenye kutoboka, kwa kupata bunga. Ngalula alikuwa anapitisha bunga ya muhindi juu ya ukuta na kusema: "Ilikuwa inanioza."

Virginie aliona kwanza ku manguo. Shati mweupe ya Donat, yenye aliianika asubui, saa sita ilikuwa bado mweupe. Siku zote ilikuwa na tudoa tweusi sawa muntu alikung'uta pilipili manga. Akaigeuza, akaiangalia upande na upande. Akasema: ni sabuni mupya.

Kisha Abigaïl alikuya kwa babu yake na telefoni ya baba yake.

"Kambo, kambo, sikia! Ku Inde, kwa Bahindi, bantu banapanda juu ya nyumba, banaona milima ya neige, ile teluji mweupe. Miaka mingi habakuionaka! Na ku Chine, na ku Ulaya, banasema mbingu imesafika. Juu biwanda na motokari bilisimama."

"Corona inafagia mbingu?" Donat akauliza.

"Si corona, kambo. Ni bantu bamekaa kwabo."

Donat akafikiri. "Bale banaona neige. Siye tutaona nini?"

Bakatoka, Donat na Abigaïl, bakasimama juu ya tofali ya Virginie, pale ku ukuta. Na bakaona terril, ile mulima nyeusi ya mabaki ya shaba, na cheminée yake, bomba ndefu ya moshi. Siku zote unaionaka, lakini sawa kupitia kitambaa. Siku ile ilikuwa karibu sawa muntu ameisukuma usiku. Unaona mupaka yake ku mbingu, unaona mistari ya mvua ku mbavu yake.

"Mulima ni mulima," Donat akasema. Akavuta pumzi ndefu, ndefu, sawa muntu anakunywa mayi. Abigaïl alingoja kikohozi. Haikukuya.

Virginie hakuwa pale. Hakuona.

Yeye alijua asubui moja tu. Aliamuka, jua iko ku ukuta. Jua! Ina maana saa kumi na mbili imepita. Hakusikia tatu, hakusikia mbili. Kando yake Donat amelala chali, uso juu, mikono ku kifua sawa vile bantu banapanga maiti. Virginie alikuwa anafikiri: nilimuficha kwa bantu, sikumuficha kwa Mungu. Akanyoosha mukono, akaweka kidole chini ya pua yake.

Donat akafungua jicho moja.

"Unatafuta nini mu pua yangu?"

Virginie akamupiga na muto. Akamupiga tena. Kisha akalia, na Donat akamushika kichwa, na bote bawili bakakaa vile mpaka Guelord alikuya kugonga mulango: "Leo hatuwashe mbabula?" Nyuma ya ukuta Ngalula alikuwa anaita: "Mama Guelord! Jogoo imekufa? Juu ya nini munanilalisha?"

Toka pale kikohozi ikaenda. Siku moja mara moja, siku ingine hakuna. Virginie akauliza sababu ni nini.

"Ni mvua," Donat akajibu. "Mvua inalalisha vumbi."

Mwisho wa mwezi wa ine mvua ikakatika. Kikohozi haikurudia.

"Ni ile chai ya uchungu yenye Ngalula anatupitishiaka juu ya ukuta," Donat akasema.

Chai ya Ngalula ikaisha. Kikohozi haikurudia.

"Ni rozari yako," Donat akasema, na pale Virginie alimuangalia muzuri, juu Donat hakumuangalia. Aliangalia chini. Lakini alikuwa na raha, alikuwa anaenda mwenyewe kuchota mayi, alikuwa anaimba nyimbo ya reli yenye hakuiimba toka Guelord kijana. Virginie akaacha kuuliza. Mutwangio ikapumuzika nyuma ya mulango.

Mwezi wa saba bakaanza kufungua muji. Mabus ikarudia, muziki ikarudia, vumbi ya kipwa, wakati bila mvua, ikarudia. Na bipande ikatoka Mokambo, mifuko mbili. Guelord akafurahi sana. Akafagia shimo yake, akatia makala, akamwanga mafuta nyeusi. Moshi ikapanda. Bantu ba avenue bakapiga makofi: "Guelord amefufuka!" Virginie naye alipiga makofi. Siku ile balikula nyama.

Kesho yake, saa kumi na moja ya asubui: tatu. Ikapumuzika. Mbili.

Virginie alikuwa ameisha kukamata mutwangio mbele ya kuamuka muzuri. Akatwanga, tu, tu, na macho imefungwa. Guelord alikuwa ameamuka mapema juu ya moto. Alikuwa amesimama pale ku shimo, chupa ya mafuta mukononi, anaangalia mama yake anatwanga kinu wazi. Aliangalia kinu, aliangalia moto, aliangalia mulango ya baba yake. Akaweka chupa chini.

Wakati Donat alitoka, Guelord alikuwa ameikala juu ya mufuko ya bipande.

"Baba, hii kikohozi ilianza mwaka gani?"

"Ya zamani. Ni reli."

"Reli uliiacha. Mwaka gani, baba?"

Donat akaangalia mikono yake.

"Mwaka uliweka moto hapa."

Virginie akaachilia mutwangio, ikaanguka. "Ulijua?"

"Nilijua."

"Juu ya nini haukusema?" Guelord akauliza.

"Niseme nini? Ulikuwa na miaka makumi mbili na mbili. Kazi hakuna, Abigaïl iko mu tumbo ya mama yake, unaikala ku kona na bale bakunywaji. Siku moja unaniletea nyungu. Ya kwanza. Ilikuwa kombo, mushikio moja iko juu, ingine iko chini. Ilikuwa moto bado, ukaniwekea mukononi, unacheka sawa mutoto." Donat akakohoa, akangoja ipite. "Unataka ningekuambia, mutoto wangu, moshi yako inaniuma?"

Guelord alikuwa analia, lakini muntu mwenye kufanya kazi ya moto macho yake ni nyekundu siku zote, ungeweza kusema hapana.

Virginie akamusogelea Donat. "Na miye? Miaka kumi na mbili naamuka na jogoo, unajua, unanyamaza?"

"Ulipenda kuamuka mapema," Donat akasema.

"We Donat!"

Nyuma ya ukuta bakasikia muntu anacheka peke yake.

Guelord akasimama, akakamata nyundo. Donat akamuzuia na mukono. "Acha. Tutakula nini? Miye na kifua yangu tumezoeana."

"Miye sijaizoea," Guelord akasema. Akapiga. Udongo ikapasuka, matofali ikatoka.

Donat akamuangalia anatoa tofali mbili, tatu. Kisha akasema: "Polepole basi. Ile matofali nilinunua miye."

Mangaribi ile ile, Donat akavaa shati mweupe, akaenda kuona Léonard, rafiki yake wa zamani wa kazi, mwenye alibaki kulinda kipande ya kiwanja kule mbali, pembeni ya njia ya reli ya zamani, kwenye hakuna nyumba. Upepo ya pale inapelekaka moshi mu majani. Bakazungumuza wakati murefu. Donat akarudia na ruhusa.

Bakabeba matofali na pusupusu, Guelord anasukuma, Abigaïl anashika, siku ine. Ni saa moja ya kutembea, kuenda, na saa moja, kurudia. Mafuta nyeusi Guelord aliiacha ku garaji. Akaweka gurudumu ya kinga, ya baiskeli, ya kupuliza makala, inachelewa zaidi, nyungu inatoka chache. Alimuambia mama yake: "Ni chache, lakini nitakula nikisikia baba anaimba."

Sitaki kusema kikohozi iliisha yote. Mabus haikuhama, mbabula haikuhama, na kipwa ni kipwa. Lakini tatu-na-mbili ilivunjika. Ilibaki moja, siku ingine, sawa muntu anasafisha koo mbele ya kusema.

Mwezi wa munane makanisa ikafunguliwa. Siku ya yenga ya kwanza, Donat alikuwa ku misa, shati mweupe, na hakukohoa ata mara moja, ata wakati ya ubani. Bakarudia, bakakula. Virginie alipika bukari, ugali ya kwetu, na samaki ya Kilwa. Guelord akaangalia ndani ya nyungu kila upande.

"Sombe iko wapi?"

"Unaitamani?"

"Hapana! Nahakikisha."

Ilikuwa saa nane, jua inachoma, lupango imenyamaza. Pale kwenye moto ilikuwaka, kulibaki duara nyeusi chini, na Virginie alikuwa amepanda mboga ya lengalenga pembeni. Abigaïl alilala wa kwanza, juu ya mukeka, telefoni ku shavu. Guelord alilala akiwa ameikala, mukono ikiwa bado mu sahani, mama yake akamunawisha bidole yeye hajui. Donat alilala ndani, mulango wazi.

Ngalula alikuwa anatwanga nyuma ya ukuta. Polepole, kwa kula tu. Kisha ikanyamaza.

"Mama Guelord."

"Nini?"

"Jogoo?"

"Imelala."

"Bon. Miye naenda kujinyoosha." Mulango yake ikafunga, na kisha wakati kidogo Virginie akasikia anakoroma, vile anaimbaka, kwa nguvu.

Virginie akakamata mutwangio, akaiweka nyuma ya mulango. Akaingia, akaikala pembeni ya kitanda, akasikiliza kifua ya bwana yake. Pumzi inaingia. Pumzi inatoka. Inaingia. Alitaka kuhesabu mpaka kumi, apate uhakika. Akanyoosha miguu kwanza. Akafika sita, ao saba, hakumbuki, na akalala.